SIKU MOJA KISIWANI SAANANE
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Mwanza



Halmashauri ya tawi imeniagiza niseme mbele yenu juu ya safari iliyokusudiwa kufanywa na wanachama pamoja na jamaa zao, yaani kwenda kukitazama Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa. Nimepewa nusu saa, nami kwa kuwa ni karani nimeipanga kama faili ipangwavyo. Kwanza nitasema mahali penyewe ni mahali gani. Pili, kwa nini sisi watu wa ofisini yatupasa kwenda. Tatu, jinsi ya kujitayarisha. Nne, mambo ya kutazama na adabu ya kushika tukiwa huko. Mwisho nitajibu hoja nilizosikia zikinong'onwa barazani, maana hoja isiyojibiwa mkutanini hujibiwa vibaya njiani.

Basi, naanza na mahali penyewe. Hapana mtu katika tawi hili asiyekijua kisiwa hiki kwa macho. Kiko katika Ghuba ya Mwanza, kiasi cha kilomita mbili tu kutoka katikati ya mji, na ukisimama Capri Point wakiona mbele yako, mwendo wa dakika chache kwa mashua ya injini. Walakini kukiona si kukijua. Wengi wetu twalitaja jina la Saanane kila siku bila kujiuliza limetoka wapi.

Jina hilo ni jina la mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mkulima na mvuvi, na kisiwa kile ndicho kilichokuwa makao yake. Mwaka 1964 Serikali ilikitwaa, ikamlipa fidia, akaondoka, ili pafanywe bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi ya Tanzania. Wakaletwa wanyama kutoka bara. Wengine walikaa pale kwa muda tu, wakingojea kuvushwa kwenda Kisiwa cha Rubondo, ambacho nacho kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Mwaka 1991 Saanane ikawa pori la akiba, na mwaka 2013 ikapandishwa cheo kuwa hifadhi ya taifa. Ukubwa wake, pamoja na maji yaliyo ndani ya mpaka, ni kilomita za mraba 2.18. Katika hifadhi zote za taifa za nchi yetu hakuna iliyo ndogo kuliko hiyo. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Maana yake Saanane ingeingia ndani ya Serengeti zaidi ya mara 6,700.

Nimesikia watu wakicheka udogo huo. Mimi nasema udogo huo ndio ulionifanya nisimame hapa. Safari ya Serengeti, hata kwa kupitia lango la Ndabaka lililo karibu nasi katika barabara ya Mwanza na Musoma, yataka gari lifaalo, mafuta, chakula cha njiani, na pengine malazi. Mtu mwenye watoto wanne hufanya hesabu hiyo, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni hata mwaka mwingine. Sisemi Serengeti isiendwe. Mwenye uwezo na aende. Lakini Saanane huendwa asubuhi na kurudiwa jioni, na asubuhi ya Jumatatu mtu yuko mezani pake. Hifadhi ndogo ni hifadhi ilingananayo na ruhusa ya karani na mshahara wa tarishi.

Sasa naja kwenye jambo la pili, nalo ndilo kiini cha maneno yangu: kwa nini twende?

Wako wanaosema kwamba twende ili watoto wafurahi. Ni kweli, na furaha ya mtoto si kitu kidogo. Watoto wetu wanamjua simba kwa noti ya shilingi 2,000, kifaru kwa noti ya shilingi 5,000, na tembo kwa noti ya shilingi 10,000. Na sisi wazazi wao wanyama hao twakutana nao mwisho wa mwezi, na kabla ya tarehe kumi wamekwisha kukimbia wote. Simba na tembo hatuwaendei Saanane. Lakini ni vema mtoto azoee kumtazama mnyama wa mwitu, hata akiwa mdogo, mahali ambapo mnyama mwenyewe anaishi, si juu ya karatasi.

Walakini iko sababu kubwa zaidi, nayo yatuhusu sisi wenyewe. Mambo ya hifadhi katika nchi hii hupita katika mikono ya makarani. Mipaka huandikwa, hati hupigwa chapa, fidia huhesabiwa, malalamiko ya wakulima hupokelewa, hutiwa namba na kupelekwa mbele. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakikaa Serengeti walihamishwa kwenda Ngorongoro. Na mambo kama hayo hayafanyiki bila barua. Mwaka 1964 Mzee Saanane alipoondoka kisiwani, hapana shaka palikuwa na karani aliyeandika jina lake katika karatasi, na mwingine aliyehesabu fedha zake. Sijui kama makarani hao walipata kukanyaga kisiwa kile. Lakini nawauliza ninyi mnaonisikiliza: ni wangapi kati yetu tunaoandika juu ya ardhi, misitu, samaki na wanyama ambao hatujapata kuviona? Kalamu isiyojua iandikacho huweza kuandika sawasawa na hata hivyo ikadhulumu.

Tena, mtu yule alitoa makao yake ili watu wapate mahali pa kujifunza habari za wanyama. Tusipokwenda, je, aliwapisha nani? Aliwapisha wageni wa mbali peke yao? Mimi naona kwamba deni hili halilipwi kwa maneno. Hulipwa kwa kwenda, kwa kutazama kwa akili, na kwa kuwaambia watoto jina lile ni la nani.

Jambo la tatu ni matayarisho. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: na safari bila daftari huisha kwa ugomvi. Nawajua watu wa ofisi moja ya mji huu waliokusudia safari ya namna hii, wakachanga fedha mkononi bila stakabadhi. Ilipofika siku, waliochanga walikuwa wengi kuliko waliosafiri, na waliosafiri walikuwa wengi kuliko fedha zilizobaki. Tangu siku ile wengine hawasalimiani. Basi naleta mashauri haya.

La kwanza, wachaguliwe watu watatu: mmoja wa kuandika majina, mmoja wa fedha, na mmoja wa chombo na chakula. Wasizidi hao. Kazi ya watu tisa haina mwenyewe.

La pili, yaandikwe majina yote, pamoja na umri wa kila mtoto na uraia wa kila mtu, kwa kuwa ada ya kuingia katika hifadhi hupangwa kwa uraia na kwa umri. Raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa mbali. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake. Kiasi chenyewe cha ada kisichukuliwe kwa kusikia; mwandishi aende katika ofisi ya hifadhi, aulize ada ya kuingia, nauli ya mashua, na malipo ya mwongozaji, akaandike kwa tarakimu. Malipo ya Serikali siku hizi hufanywa kwa namba maalumu ya malipo, wala si kwa kumpa mtu fedha mkononi. Na stakabadhi ibandikwe kwenye ubao wetu ili kila mchangaji aione.

La tatu, fedha zichangwe kidogo kidogo kwa muda wa miezi minne. Haba na haba hujaza kibaba. Na aliye na mshahara mkubwa, Mungu akimjalia, amlipie mtoto mmoja wa mwenzake mwenye mshahara mdogo. Lakini jina la aliyelipiwa lisisomwe wala lisibandikwe. Nataka sana matarishi, wafagizi na walinzi wa ofisi zetu wawe katika safari hii pamoja na watoto wao. Ikiwa ni safari ya wenye meza tu, heri tusiende.

La nne ni siku. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hata Mei, na za vuli huanza kati ya Oktoba na Novemba. Kwa hiyo miezi mizuri ni kuanzia Juni hata Septemba. Juni siitaki, maana mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na wenzetu wa hesabu wakati huo hata nyumbani hawaonekani. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, na wengine wetu huwa kazini katika maonyesho ya wakulima. Basi nashauri Jumamosi moja ya mwisho wa Agosti. Na tuondoke asubuhi mapema, kwa sababu asubuhi wanyama huonekana zaidi, na tena ziwa mara nyingi huwa limetulia. Mchana upepo huanza kuvuma na mawimbi huinuka.

La tano, nalo nawaombeni mlisikie vema, ni chombo. Hapa Mwanza hatuhitaji kufundishwa habari ya maji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na mji huu, wakafa mamia ya watu, na wako humu ndani waliozika jamaa zao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Katika misiba yote miwili palitajwa kosa moja: watu walizidi kipimo cha chombo. Njia ya kwenda Saanane ni fupi, lakini maji hayana habari na ufupi wa njia. Kwa hiyo iwe sheria: asipande mtu, mkubwa kwa mdogo, asiyevaa jaketi la kujiokolea, mashua isipakie zaidi ya idadi iliyoandikwa, na mwenye daftari ahesabu vichwa wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, kwenda na kurudi. Tukiwa wengi, mashua irudi mara ya pili na ya tatu. Mwenye haraka na abaki nyumbani.

La sita ni vitu vya kuchukua. Chakula kitiwe katika makapu na vyombo vyenye vifuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mjumbe wa chama cha watumishi wa Serikali hatakiwi kukamatwa nayo langoni. Tuchukue maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na viatu visivyoteleza, kwa kuwa kisiwa ni mawe, na viatu vya harusi havifai. Liwepo sanduku dogo la dawa. Wala watoto wasiachwe kuchezea maji ukingoni: ziwani mna mamba, na mna ugonjwa wa kichocho ambao huingia mwilini kwa ngozi bila mtu kusikia maumivu.

Sasa jambo la nne: tukifika, tutazame nini? Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huingia hifadhini akitafuta simba. Asipomwona husema, sikuona kitu. Mwongozaji wa hifadhi atatuambia mengi kuliko niwezayo mimi, lakini nitataja machache ili tusiende mikono mitupu.

Tazameni kwanza pimbi. Ni mnyama mwenye ukubwa wa sungura, rangi ya udongo, hana mkia wa kuonekana, naye hukaa juu ya mawe akiota jua la asubuhi. Watoto watamwita panya. Waambieni kwamba wataalamu wa wanyama wamempima viungo vyake na asili yake, wakaona ya kuwa jamaa zake wa karibu waliobaki duniani ni tembo na nguva. Nyayo zake ni laini na zenye unyevu, ndiyo maana hupanda jabali lililosimama wima bila kuteleza. Na wakati wenzake wanapokula, mmoja hukaa juu akilinda. Akiona hatari hupiga kelele, nao wote huingia mapangoni. Ofisi ngapi zina mlinzi wa namna hiyo?

Tazameni tena mjusi wa majabalini. Dume ana kichwa na mabega mekundu, na mwili wa samawati. Jike ni wa rangi ya mawe. Dume huinua na kuinamisha kichwa kama mtu anayekubali kila asemalo mkubwa wake. Msimcheke bure: jina lake la kitaalamu ni Agama mwanzae, yaani limetokana na jina la mji wetu. Mji huu umetajwa katika vitabu vya elimu ya wanyama vya dunia nzima kwa ajili ya mjusi ambaye sisi humfukuza kwa ufagio.

Kisha wako swala pala, tumbili, kenge na kobe. Na mwenye subira huweza kumwona fisi-maji. Kwa ndege, tazameni mnandi wakikausha mabawa yao, yangeyange weupe, mdiria wakipiga mbizi, na furukombe juu ya mti, ambaye sauti yake husikiwa mbali juu ya maji. Na msisahau mawe yenyewe. Majabali haya ya Mwanza yana umri uzidio miaka milioni 2,500. Yalikuwapo kabla ya ziwa, kabla ya mnyama yeyote, na kabla ya ofisi yetu.

Adabu yake si ngumu. Tutembee pamoja na mwongozaji, wala tusiache njia. Tusipige redio wala kelele. Mnyama hukimbia kelele kama mdeni akimbiavyo mdai. Tusiwape tumbili chakula, hata wakituomba kwa mikono miwili, kwa maana tumbili aliyezoea kupewa leo atanyang'anya kesho, na mwisho wake huwa mbaya. Tusichukue jiwe, ganda wala unyoya. Takataka zetu zirudi nasi mjini. Na kila mtoto apewe karatasi na kalamu ya risasi, aandike majina ya wanyama aliowaona kwa Kiswahili, na upande wa pili ayaandike kwa lugha ya babu yake. Asiyeyajua atawauliza wazee akirudi nyumbani, na hiyo itakuwa faida ya pili ya safari.

Namalizia kwa hoja tatu nilizozisikia.

Wa kwanza wasema: fedha hizo ziongezwe katika mfuko wa misiba. Ndugu zangu, mfuko wa misiba ni amana, wala halmashauri haikusudii kuugusa hata kwa senti moja. Lakini chama kinachokutana makaburini tu ni chama cha nusu. Watoto wetu wanatuona tukikusanyika tukiwa na huzuni. Na watuone tukikusanyika tukiwa na furaha.

Wa pili wasema: hakuna kitu kule, ni pimbi na mijusi. Nimekwisha kuwajibu.

Wa tatu wana hoja nzito, nami sitaidharau. Wao wamezaliwa katika vijiji vilivyo kando ya hifadhi, upande wa Bunda na Serengeti. Wanasema: ninyi mwaenda kuwatazama wanyama kwa tabasamu, sisi tembo wamekula mahindi ya mama zetu usiku mmoja, na mama zetu wamengoja kifuta jasho. Bwana Mwenyekiti, maneno hayo ni ya kweli, wala safari ya siku moja haiyaondoi. Lakini nawaomba hao ndio wawe wa kwanza kupanda mashua. Waje na habari zao, wazieleze mbele ya watoto wetu pale pale kisiwani, karibu na jina la Mzee Saanane, ili mtoto atakayekuwa karani wa hifadhi au wa halmashauri ya wilaya ajue mambo mawili kwa pamoja: kwamba pimbi ni ndugu wa tembo, na kwamba nyuma ya kila mpaka uliochorwa yuko mtu aliyehama au aliyelala njaa. Akiyajua yote mawili, barua yake haitakaa mezani miezi sita.

Basi natoa hoja: kwamba tawi hili likubali safari ya Saanane, Jumamosi ya mwisho wa Agosti, kwamba wachaguliwe leo watu watatu wa kuitayarisha, kwamba michango ianze mwisho wa mwezi huu kwa stakabadhi, na kwamba baada ya safari taarifa ya ukurasa mmoja, pamoja na hesabu ya kila shilingi, ichapishwe katika gazeti letu hili.

Anayeunga mkono na asimame, ili mwandishi apate kuhesabu sawasawa.